Uzi Uliovuka Ziwa: Habari za Darizi Katika Bukoba na Muleba

Wengi wetu tumezoea kuambiwa kwamba sindano iliingia katika nchi ya Wahaya pamoja na katekisimu, ikiwa mkononi mwa masista wa misheni, na kwamba kabla ya hapo bibi zetu hawakujua kushona. Walakini habari hiyo, ijapokuwa husimuliwa kwa nia njema, yafaa ipokewe kwa hadhari, kwa maana nguo yenyewe ya nchi, yaani mbugu, ilikuwa haikamiliki bila ya sindano. Mbugu ilitokana na gome la mti wa jamii ya mikuyu uliopandwa kibanjani baina ya migomba. Gome lilibanduliwa wakati wa mvua, mti ukiwa na utomvu mwingi, likaparuzwa ngozi yake ya nje, likalainishwa kwa mvuke, kisha likapondwa juu ya gogo kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji, mpaka kipande kilichokuwa chembamba kikatanuka kuwa shuka pana yenye rangi ya udongo mwekundu. Nao mti uliovuliwa gome ukavishwa majani ya mgomba usikauke, ukaota gome jingine. Lakini kila palipokuwa na tawi palibaki tundu, na tundu lile halikuachwa hivi hivi: lilikatwa likanyooshwa kingo zake, likawekewa kiraka cha mbugu ile ile, na kiraka kikashonwa kwa uzi wa mmea, kwa mishono midogo iliyokaribiana, hata mtazamaji wa mbali asione alama. Ustadi wa kuficha mshono, ambao baadaye ulihimizwa sana katika shule za wasichana, ulikuwa umekwisha kukaa katika nchi hii muda mrefu kabla ya shule.

Wanawake nao walivaa marinda ya nyuzi za mwale, wakasuka mikeka na vikapu vya nyasi nyembamba ambavyo nakshi zake, za mistari iliyovunjika na pembe zilizopandana, zilitaka hesabu iliyo sawasawa kutoka mzunguko hata mzunguko. Na yeyote aliyepata kushona kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa atafahamu mara moja kwamba akili inayotumika ni ile ile. Mikono, basi, ilikuwa tayari. Vilivyokosekana ni viwili, uzi wa rangi na kielelezo cha kufuata, na vyote viwili vilikuwa vikitoka ng'ambo. Na taarikhi yote ya darizi katika Bukoba na Muleba, kwa jinsi niionavyo, imekwenda kwa kufuata upungufu wa kimoja au cha pili, kwa sababu haikupata kutokea zama ambazo vyote vilitosha pamoja.

Kitambaa cha pamba kilianza kuingia kwa njia ya kusini, kikiletwa na misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka pwani, ikapita Tabora, ikapanda mpaka Karagwe, ambako wafanyabiashara walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro, jirani na makao ya Omukama Rumanyika. Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyefika ikulu ya Buganda mwaka 1844, alikuwa miongoni mwa walioijua sana njia hiyo. Nao Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walikuta nguo za ng'ambo zikijulikana na kutamaniwa. Zilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuikatiza biashara ile, na kaniki ya Uhindi, na kwa wakubwa peke yao vitu vya fahari zaidi, joho na vizibao vilivyotiwa almaria. Nguo ilikuwa zawadi ya mfalme kwa mtumishi wake kabla ya kuwa bidhaa ya duka. Baadaye, kwa njia ya kaskazini, ikaja kanzu ya Kiganda yenye darizi ya rangi nyekundu iliyoiva shingoni na kifuani, ikapokewa katika ufalme wa Kiziba na ikaenea kusini hata falme za Kianja na Ihangiro, ikawa vazi la mzee mwenye heshima siku ya posa na siku ya harusi. Na hapa pana jambo ambalo wale wanaoihesabu darizi kuwa kazi ya wanawake husahau kulitaja: darizi ya kwanza kuonekana katika nchi hii ilivaliwa na wanaume, na sehemu kubwa yake ilishonwa na mafundi wanaume.

Mwaka 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba, kando ya ziwa. Mwaka 1892 Mapadri Weupe wakaanza misheni yao Kashozi. Na masista waliowafuata walikuwa wa shirika la Bibi Yetu wa Afrika, ambalo Askofu Mkuu Lavigerie alilianzisha Algeria mwaka 1869 na ambalo huko lilikuwa na desturi ya kuwafundisha wasichana kazi za sindano. Wao walileta vitu ambavyo mbugu haikuvijua. Walileta kitani cheupe, uzi wa pamba wa rangi, na sharti la kazi kuwa safi pande zote mbili. Sharti hilo halikuwa la urembo tu, kwa kuwa Kanisa Katoliki lina vitambaa vyake vya ibada, na kila kimoja kina kipimo na heshima yake: korporale hutandazwa juu ya altare, purifikatori hupangusa kalisi, alba na kasula huvaliwa na padri.

Nitakitazama kimoja tu kwa karibu. Purifikatori ni kitambaa chembamba kirefu cha kitani, hukunjwa mara tatu kwa urefu wake, na kwa kawaida hutiwa msalaba mdogo wa uzi, aghalabu mwekundu, ambao si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Mtu ataudharau. Lakini kitambaa hiki kinaingia ndani ya kikombe kitakatifu, kinafuliwa mara nyingi, na hakina upande wa mbele wala wa nyuma. Hivyo mshonaji haruhusiwi kuufunga uzi kwa fundo, bali huupitisha mkia wake chini ya mishono aliyokwisha kuitia, na anapomaliza huurudisha vivyo hivyo, kisha hukata karibu kabisa na kitambaa. Nyuzi za kitani huhesabiwa kwa ncha ya sindano, mbili juu, mbili upande, na msalaba ukizidi uzi mmoja kushoto huonekana umepinda mara padri anapokikunjua. Binti aliyeweza kuutia msalaba ule bila ya fundo wala upogo alikuwa amekwisha kujifunza zaidi ya nusu ya hirfa nzima. Kilichobakia kilikuwa maua.

Si kila binti aliyekaa misheni alikwenda huko kutafuta maua, wala altare. Mwanahistoria wa Kisweden, Birgitta Larsson, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya wanawake na Kanisa katika upande huu wa Tanzania wakati wa ukoloni, aliuliza kama uongofu uliwapatia wanawake uhuru mkubwa zaidi; na swali hilo lafaa kuulizwa pia juu ya sindano. Mwanamke aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, katika nchi ambayo kibanja kilirithiwa na wanaume, alihitaji kitu cha kumlisha ambacho hakikuota ardhini. Ushoni ulikuwa mojawapo ya vitu hivyo vichache. Ulimtia pia katika utaratibu wa kengele, ukaguzi na utii ambao haukuwa uhuru hata kidogo. Na nadhani mwenye kuandika kwa haki atayataja yote mawili, wala hatalitumia moja kulifuta jingine.

Waprotestanti walikuja kwa njia nyingine. Wahaya waliokuwa wamesoma Injili Buganda walianza mikutano yao wenyewe, ndipo wamisionari wa Bethel, Ernst Johanssen akiwa mkuu wao, wakafika kutoka Ujerumani mwaka 1910. Na vita vya pili vya dunia vilipowaondoa Wajerumani, Wasweden wakashika nafasi yao. Hapa taarikhi ya sindano ina mzunguko wa ajabu ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. Huko Sweden, tangu karne ya kumi na tisa, wanawake wa parokia walikuwa wakikutana katika vikundi vya ushoni, wakifuma soksi na kudarizi vitambaa vya meza huku mmoja wao akisoma barua za wamisionari kwa sauti, kisha kazi zao zikauzwa kwa mnada na fedha zikapelekwa kwa ajili ya misheni za nchi za mbali. Kwa hiyo mwalimu Msweden aliyesimama mbele ya wasichana wa Kihaya akiwaonyesha mshono wa mnyororo alikuwa, kwa sehemu ya nauli na mshahara wake, amepelekwa na mishono ya wanawake wasiopata kuliona ziwa hili. Barbro Johansson, aliyefika Bukoba mwaka 1946 na kuiongoza shule ya wasichana ya Kashasha kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1959, alikuwa wa kizazi hicho, ingawa yeye aliwatakia wanafunzi wake mambo makubwa kuliko vitambaa vya meza, na alisema hivyo waziwazi kwa maisha yake. Serikali ya Waingereza, kwa upande wake, iliyaweka maarifa ya nyumbani katika masomo ya wasichana, na ushoni ukawa somo lenye saa zake kama hesabu.

Sasa tuutazame uzi wenyewe, kwa kuwa kusoma kudarizi ni jambo moja, na kupata cha kudarizia ni jingine.

Katika siku za misafara, mzigo uliotoka pwani ulipanda juu ya vichwa vya wapagazi kwa miezi. Mambo yakageuka Desemba 1901, reli iliyotoka Mombasa ilipofika ziwani mahali ambapo leo panaitwa Kisumu, na kwa muda wa miaka michache meli za Waingereza, Winifred, Sybil na Clement Hill, zikawa zinazunguka bandari za ziwa zikishusha shehena na kupakia kahawa, ngozi na samli. Bukoba, iliyokuwa mwisho wa dunia kwa mtu aliyetoka Bagamoyo, ikawa jirani ya Mombasa. Sindano zilitoka Redditch katika Uingereza, mji ambao kwa karne nzima ulizitengeneza sindano nyingi kuliko mahali pengine popote ulimwenguni. Vyerehani vya Singer vilitoka kiwanda kikubwa cha Clydebank, Uskoti. Na uzi wa darizi uliosifika kuliko wote ulitoka Mulhouse, katika nyumba ya biashara ya DMC iliyoanza mwaka 1746. Mji huo wa Mulhouse, ambao leo ni wa Ufaransa, ulikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871 hata 1918, maana yake ni kwamba wakati wa Wajerumani bendera iliyopepea juu ya viwanda vya uzi ndiyo iliyopepea juu ya boma la Bukoba. Na huko huko, mwaka 1886, bibi mmoja aitwaye Thérèse de Dillmont alitoa kitabu chake kikubwa cha kazi za sindano, kikafasiriwa kwa lugha nyingi, kikawa msaada wa walimu wa ushoni katika mabara yote.

Uzi huo huuzwa kwa kata ndogo zenye urefu wa mita 8, na kila uzi una nyuzi sita zilizolala pamoja bila ya kusokotwa sana. Mgeni wa kazi hutunga zote sita katika sindano, akapata mshono mnene kama kamba. Aliyefundishwa hukata kipande kisichozidi urefu wa mkono wake, akachomoa uzi mmoja baada ya mmoja akiuvuta kwenda juu, kisha akaziunganisha mbili au tatu kwa kadiri ya unene anaoutaka. Zikivutwa mbili kwa pamoja hujikunja na kufanya mafundo. Mambo kama hayo hayaandikwi katika vitabu vya taarikhi, lakini ndiyo yaliyoamua kama kata moja ingetosha kitambaa kimoja au vitatu, na katika nyumba ambayo fedha huonekana wakati wa msimu wa kahawa tu, tofauti hiyo si ndogo.

Maduka ya Wahindi na Waarabu pale mjini Bukoba, na baadaye Kamachumu, Nshamba na Muleba, yaliuza uzi pamoja na chumvi, mafuta ya taa na majembe. Na muuzaji, wa dini yoyote aliyokuwa nayo, aliifuata desturi ya nchi ya kutouza sindano magharibi ikishaingia. Barazani kwa duka alikaa fundi na cherehani chake, naye alikuwa mwanamume. Mgawanyo huo ulidumu sana: mashine na fedha yake barazani kwa wanaume, sindano ya mkono na subira yake uani kwa wanawake. Kahawa ndiyo iliyousukuma mpaka huo. Bei zilipopanda baada ya vita vya pili, na wakulima walipoanzisha chama chao kikuu cha ushirika, BNCU, mwaka 1950, nyumba za bati na madirisha ya vioo zikaongezeka vilimani, na ndani ya nyumba hizo pakawa na chumba ambacho msonge wa zamani haukuwa nacho, yaani sebule yenye makochi ya mbao. Sebule ilitaka kuvikwa. Kila kochi likataka kitambaa chake cha mgongoni na viwili vya mikononi, meza ikataka chake, redio ikataka chake, kitanda kikataka shuka na foronya zilizodariziwa kingo. Na bafta ilipokuwa ghali, palikuwa na kitambaa kizito kisichopaushwa kilichofumwa ng'ambo tu ya ziwa, Jinja, katika kiwanda cha Nyanza Textile, jirani na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954.

Vitambaa hivyo vilipambwa nini? Mawaridi, mashada ya zabibu, tausi, batamaji wawili wakitazamana, kikapu cha maua kilichofungwa utepe, na chini yake neno la kumkaribisha mgeni au la kumwomba Mungu aibariki nyumba. Mgomba haukudariziwa, wala mbuni wa kahawa, wala korongo mwenye taji ambaye hutembea katika mabonde ya Ngono, ijapokuwa vyote vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Wako waandishi wanaoona katika jambo hilo dalili ya akili kutawaliwa, na sitawakatalia kabisa; walakini namwonea haki pia mwanamke ambaye tangu alfajiri ameinama chini ya migomba akipalilia, ambaye anapoketi jioni na kitambaa cheupe mapajani hapendi kuiona migomba tena. Sababu iliyo kubwa zaidi ni nyepesi: alidarizi alichokuwa na kielelezo chake, na vielelezo vilichapwa na watu wa nchi za zabibu.

Kielelezo kilikuwa adimu kuliko uzi. Kampuni ya William Briggs ya Manchester ilianza katika miaka ya 1870 kuuza karatasi ambazo ukizipiga pasi huacha mchoro juu ya kitambaa, lakini karatasi hizo hufifia baada ya kutumiwa, na mwanamke wa Ihangiro hakuweza kutegemea kupata nyingine. Kwa hiyo njia zilizoshika mizizi ni za kunakili kutoka kwa mwenzake. Ya kwanza, kitambaa kilichokwisha kudariziwa huwekwa chini, karatasi nyepesi juu yake, kisha husuguliwa kwa ubavu wa penseli au kwa mgongo wa kijiko uliopakwa masizi, na mishono iliyoinuka chini huandika umbo lake. Ya pili ni ya kioo cha dirisha: karatasi hubandikwa, kitambaa hushikwa juu yake, na mwanga wa jua hufanya kazi ya taa. Ya tatu, karatasi ya kaboni, iliyopatikana kwa mwenye ndugu karani. Na kwa mishono ya msalaba, ambayo haitaki mchoro bali hesabu, lilitumika daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba ukiwa mshono mmoja, herufi moja kwa kila rangi. Kila nakala ilipotoka kidogo. Waridi lililoingia kijijini likiwa na matabaka saba huenda likatoka upande wa pili na matano, shingo ya batamaji ikawa fupi, na mtu aliyezoea aliweza kuitazama foronya akasema hii ni ya upande wa Kamachumu, ile ni ya shule ya masista.

Kwa sababu hiyo kasha la ushoni lilikuwa zaidi ya chombo cha kuwekea vitu. Lilikuwa maktaba, na mwenye nalo alikuwa na hadhi yake. Aghalabu lilikuwa sanduku la bati, kwa kuwa Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka na unyevu wake hauna huruma: kitambaa cheupe kilichokunjwa kikiwa na jasho la mkono hupata madoa ya ukungu ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, na sindano iliyoachwa katika kitambaa hicho hupata kutu, ikakitoboa na kukitia doa pamoja. Hivyo sindano zilichomwa katika kipande cha sufu kilichopakwa mafuta au nta. Subana na mkasi mdogo vilikaa katika kibweta chao. Nyuzi zilizungushwa juu ya vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa meno pembeni ili ncha isifumuke, zikapangwa kwa rangi, nyekundu zote pamoja tangu iliyoiva hata ya waridi, kijani zote pamoja, na vipande vifupi vilivyobakia vikatiwa katika kikopo peke yake kwa ajili ya katikati ya maua, ambapo mishono mitatu hutosha. Vielelezo vilikaa chini kabisa, bapa, chini ya kazi ambayo haijamalizika. Sanduku lilianikwa mlangoni siku ya jua. Kuazima mkasi hakukuwa na neno. Kuazima kielelezo kulitaka ujamaa wa karibu au kitu mkononi, ndizi, maharage, kata ya uzi, na kukirudisha kikiwa kimekunjwa mahali pasipokunjwa kulivunja urafiki.

Miaka ya sabini na ya themanini iliupindua mlingano. Vielelezo vilikuwako, wasichana waliosoma walikuwa wengi, lakini uzi ulitoweka. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mkoani humu mwishoni mwa mwaka 1978, vita vikaisha mwaka uliofuata na mkoa, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera, lakini uhaba ulibaki: kitambaa kikawa bidhaa ya foleni, na katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 hata mwenye doti chache za ziada aliogopa kuulizwa alizipata wapi. Wafumaji wakajifunza kufumua. Sweta kuukuu lilifunguliwa mshono mmoja mmoja, uzi wake ukaoshwa, ukaning'inizwa na jiwe chini ili unyooke, ukavingirishwa kuwa kidonge, ukafumwa tena; na uzi wa darizi ulichomolewa katika kitambaa kilichochakaa ukatiwa katika kipya, rangi ikiwa imefifia.

Mwaka huo huo wa 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wa Kagera, hospitali ya Ndolage. Sitayarejea hapa yaliyofuata, kwani yameandikwa na walio na haki zaidi ya kuyaandika. Nitasema hili tu linalohusu maudhui yangu: bibi wengi walilea wajukuu wasio na wazazi, na makanisa pamoja na mashirika ya misaada yakafungua madarasa ya ushoni kwa ajili ya yatima, ambayo yaliwafundisha wasichana cherehani, ile mashine iliyokuwa ya wanaume wa barazani. Kazi ya mkono ikabaki kwa bibi, na sanduku la bati pia, mara nyingi likiruka kizazi kimoja kizima kabla ya kupata mrithi.

Mrithi huyo leo ana simu. Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, mkongo wa Taifa ukaufuata bara, na kielelezo, ambacho kwa miaka mia kilikuwa kitu cha kuficha chini ya sanduku, kikawa kama maji ya mvua. Binti wa Muleba akiandika neno moja katika Pinterest huletewa mawaridi mengi kuliko yote yaliyopata kuonekana katika Kianja na Ihangiro; akitaka kujua fundo la Kifaransa hufanywaje, mtu asiyemjua wa Uturuki au Brazili humwonyesha kwa mikono yake polepole, na kama hakuelewa humrudisha nyuma. Vikundi vya WhatsApp hupitisha picha za mashuka na foronya kutoka Mwanza hata Muscat. Jambo moja naliona jema kuliko yote: tangu vielelezo viwe tele, migomba imeanza kuonekana katika vitambaa, na misonge, na ngoma, kwa kuwa mtu aliyeshiba zabibu ana nafasi ya kutazama nje ya mlango wake. Wateja wa vitu hivyo aghalabu ni Wahaya wanaokaa mbali, Dar es Salaam au ng'ambo, wanaotaka sebule zao zifanane na kwao.

Lakini uzi bado unavuka ziwa au mpaka, na hapo mrithi hukwama mahali walipokwama bibi zake. Kielelezo cha mtandaoni humwagiza kwa nambari za DMC, 321 kwa nyekundu, 310 kwa nyeusi, na baina ya hizo vivuli vinne vya kijani ambavyo jicho halivitofautishi isipokuwa vikilazwa pamoja. Naye sokoni Bukoba hupata kijani viwili, visivyo na nambari, vilivyotengenezwa Uchina au Uhindi. Rangi za simu nazo si za kutegemea, kwani hubadilika kwa mwanga na kwa kioo. Wajuzi wamerudi basi katika utaratibu wa sanduku: huchukua mabaki ya nyuzi za zamani walizorithi, zile zilizopangwa tangu iliyoiva hata ya waridi, hukata kipande cha kidole kimoja kwa kila rangi na kukibandika juu ya karatasi ngumu, na karatasi hiyo humpa mtu anayepanda basi la Kampala kwa njia ya mpaka wa Mutukula, ambako tangu mwaka 2017 msafiri hukaguliwa mara moja tu, akaitembeze dukani mpaka apate iliyo sawa.